Mwenye Sufuria la Soko

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza niliona miguu tu. Juu ya miguu kulikuwa na kanga, na juu ya kanga kulikuwa na sufuria lililomfunika kichwa mpaka mabegani. Alikuwa akipita polepole kati ya meza za viazi na meza za vitunguu, watu wakimpisha, na ndani ya sufuria sauti ikiuliza, "Fundi yuko wapi? Nielekezeni, sioni mbele." Muuza nyanya akamshika kiwiko, akamleta mpaka kwenye kibanda changu.

"Umefika, mama," akamwambia. "Fundi yuko mbele yako, ila usingoje salamu. Huyu salamu anazo za mwaka mzima, hajazitumia."

Nilimpokea sufuria, ndipo nikauona uso. Alikuwa mama aliyenizidi umri kidogo, ana jasho, na ukingo wa sufuria ulikuwa umemchora mstari kwenye paji la uso. Akaniangalia mimi, akaiangalia nyundo yangu.

"Mkono mmoja umeng'oka," akasema. "Nataka mkono. Maneno sihitaji."

"Basi mmepatana," akasema muuza nyanya, akarudi kwenye nyanya zake.

Kibanda changu kiko mwisho wa soko, karibu na bomba la maji, kwa sababu watu hawataki kelele za bati karibu na meza zao. Ninatengeneza masufuria, ndoo, vikaango na majiko ya mkaa. Sufuria nikiletewa, kwanza huwa nalinyanyua kuelekea jua na kuchungulia ndani, nione kama kuna mwanga unapenya. Kisha nagonga kitako kwa kifundo cha kidole nisikilize. La huyu mama lilikuwa zito, la kizamani, kubwa kiasi cha kumwogeshea mtoto aliyeanza shule. Kitako kililia vizuri. Nikakata kipande cha bati nene, nikakikunja, nikaanza kupiga ribiti za kuubana mkono mpya.

Yeye alikaa juu ya debe langu akasubiri. Kwa kuwa mimi sisemi, watu wanaosubiri kwangu huishia kusema wao.

Sufuria lilikuwa la jiko la shule. Mumewe alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na siku alipostaafu wakampa sufuria moja kati ya yale yaliyokuwa yanaondolewa, wakampigia makofi. Alipofariki likabaki nyumbani, likiwa limejaa magunzi na viatu vya zamani.

"Watoto wa watu, bweni zima, walikula mkono wake," akaniambia. "Mimi mkewe sijui hata chumvi yake ilikuwaje. Akifika nyumbani anasema amechoka na moto. Na mimi nilikuwa nimechoka na nini, baridi?"

Nilicheka chini chini. Sikuinua uso.

Soko letu ni la wakulima. Kila mtu anauza alicholima mwenyewe au alicholima ndugu yake, na yeye alikuwa ndiyo kwanza amepata meza ya kuuza mboga za majani. Sasa sisi tuna desturi yetu ya hapo sokoni. Mavuno yakiisha, kabla meza hazijaanza kupungua vitu, soko zima linapika pamoja. Kila meza inatoa ilichonacho: mahindi, maharage, viazi, boga, karoti, nyanya. Tunakula sisi, wanakula wateja waliotuvumilia msimu mzima, na wanakula wapita njia pia, kwa sababu harufu haina mlango. Nani alianzisha hajulikani. Nilipoanza kazi pale nilikuta wanapika katika sufuria ndogo ndogo nyingi, na kila mwaka kulikuwa na ugomvi wa sufuria ya nani imepata karoti na ya nani imepata maji. Mwenyekiti wa soko, ambaye anauza vitunguu, akasikia kuna mama mgeni ana sufuria la shule. Akaenda kuliazima. Ndiyo maana ya ule mkono kutengenezwa.

Siku ya kupika mama alilileta, akalitua juu ya mafiga, akajifuta mikono aondoke. Mwenyekiti akamwambia, "Dada, hili ni lako, wewe ndiye unayeujua moto wake. Tuanzishie tu."

Neno hilo nililisikia nikiwa kibandani. Tuanzishie tu. Akaanzisha. Akaendelea. Wakati watu wananawa mikono baada ya kula, yeye alikuwa bado amesimama, mwiko mkononi, anakwangua kilichoshika chini. Hicho ndicho alichokula.

Siku ya soko iliyofuata alikuja tena na sufuria, mkono umelegea kwa uzito. Akakaa juu ya debe.

"Fundi, juzi ulikula?"

"Nilikula."

"Kilikuwaje?"

"Kizuri."

"Cha moto?"

"Cha moto."

"Hongera," akasema, kama anavyoambiwa mtu aliyeoa.

Kisha akanieleza. Alikuwa mtoto wa kwanza nyumbani kwao, akapewa mwiko kabla hajafika urefu wa meza. Akaolewa na mpishi aliyechoka na moto. Akazaa, akalea, akaozesha. Alisema tangu azaliwe hajawahi kukaa chini mtu akamletea sahani inayofuka moshi, akala mpaka mwisho bila kuinuka.

"Hata nilipojifungua," akasema. "Mama mkwe aliniletea uji kitandani. Nikasema, Mungu ni mkubwa, leo na mimi nimehudumiwa. Akaniambia, ukimaliza uoshe na kikombe."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Si kitu kikubwa ninachotaka, fundi. Sahani moja. Nimekaa."

Na mimi nikaona si kitu kikubwa. Nilidhani mwaka utakaofuata atakipata bila shida yoyote.

Kwenye meza yake alikuwa mtu mwingine kabisa. Mchicha aliufunga mafungu yanayolingana, akaunyunyizia maji kwa mkono, na mteja akiudonoa ovyo alimjibu papo hapo. Nakumbuka bibi mmoja aliuliza mbona majani yana matundu. Akamwambia, "Wadudu wameonja wakaona hayana sumu. Au ulitaka uonje wewe kwanza?" Bibi yule akanunua mafungu mawili na akawa mteja wake wa kudumu. Nilikuwa nikimsikia kutoka kibandani nikitamani ulimi kama ule, hata nusu yake. Lakini mbele ya lile sufuria ulimi wake ulikuwa unakwisha nguvu. Nadhani ni kwa sababu walimwomba kwa upole. Mtu akija na ubishi alijua la kufanya naye. Mtu akija na "dada, tusaidie" alikuwa hana silaha.

Baada ya misimu miwili wakaanza kumwita Mama Sufuria. Wageni wakisikia jina hilo walikuwa wanakwenda kwenye meza yake kuulizia bei ya masufuria. Aliwatuma kwangu, huku amekunja uso. "Mimi nauza mchicha," aliwaambia. "Sufuria ni ugonjwa tu nilioupata."

Mwaka mmoja akaamua kuwa mjanja. Sufuria alilileta mapema, akalikabidhi mbele ya watu, akasema mwaka huu anaazimisha chombo, si mikono. Kisha akaenda kubadilisha nguo. Akarudi na gauni lake la kutokea, la maua, akakaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Muuza nyanya akashika mwiko. Mimi nilikuwa namtazama mama kwa pembeni. Alikuwa amekaa wima kabisa, kama mtu anayepigwa picha.

Haikuchukua muda harufu ya kuungua ikafika mpaka kwangu. Mwenyekiti akaja akasimama mbele ya benchi, mikono nyuma.

"Dada, mambo yameharibika."

"Ya nani?"

"Yetu sote."

"Basi twendeni sote."

Watu wakacheka sana. Yeye akainuka. Wengine hawakuinuka, walibaki wanacheka. Akafunga gunia kiunoni juu ya maua ya gauni, akampokonya muuza nyanya mwiko, akamwambia, "Wewe unapika kama mtu anayetafuta funguo humo ndani." Chakula kikaokolewa. Kila mtu alikisifu. Yeye alikula kilichoshika chini, na mwaka ule kilichoshika chini kilikuwa kingi kuliko kawaida.

"Meno yangu yataisha kwa ukoko wa soko hili," akaniambia aliponiletea sufuria, kitako cheusi tii. Nilikisugua kwa mchanga mpaka mabega yakaniuma. Hasira niliyokuwa nayo niliimalizia hapo.

Mwaka mwingine akasema, kumbe ni jambo rahisi, nitajipakulia mwenyewe wa kwanza kabla sijampakulia mtu. Akachukua sahani, akaijaza, akageuka atafute pa kukaa. Nyuma kwenye foleni sauti ikasema, "Haya, mpishi kashawahi, sisi tutalamba mwiko." Ulikuwa utani. Watu wakacheka, na yeye akacheka, halafu akairudisha sahani yote ndani ya sufuria, akaanza kuwapakulia. Mimi nilikuwa kwenye foleni ile ile. Jibu nilikuwa nalo, lakini mimi jibu hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani na kuvua viatu.

Ndivyo ilivyokwenda. Msimu unaisha, anapika, analeta sufuria kwangu, namtilia ribiti, anakaa juu ya debe. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe na miguu ilikuwa inavimba akisimama muda mrefu. Kila mwaka nilikuwa nasema moyoni kwamba safari hii mtu ataona. Watu wale si wabaya. Mtu akiumwa wanamchangia, meza ikikosa mwenyewe jirani anaiuzia. Lakini kila mmoja alikuwa ameshazoea kumwona amesimama, wakaona huko kusimama ndiko alikoumbiwa.

Halafu ukaja msimu ambao alifika kibandani kabla ya siku ya kupika, si baada. Akatua sufuria.

"Fundi, hili limebakiza maisha gani?"

Nikalinyanyua kuelekea jua. Niliona vitobo vidogo, kama mtu amechungulia kwa sindano. Nikagonga kitako. Sauti ilikuwa imekuwa nyembamba.

"Nikilitia kitako kipya, linakwenda," nikasema.

"Na usipolitia?"

"Litavuja."

"Basi usilitie. Waambie limekufa."

Nikaacha nyundo. "Nani awaambie?"

"Wewe. Mimi nikisema wataniona mchoyo. Lakini wewe hujawahi kusema kitu humu sokoni tangu Mungu alipokuleta. Ukisema, wataamini."

Nilimwambia mimi kusimama mbele ya watu siwezi. Akaniuliza, "Una mdomo?" Nikasema ninao. "Basi si kila siku uwe wa kulia chakula tu." Akaondoka, sufuria akaliacha.

Kikao kilifanyika chini ya turubai la muuza viazi. Mwenyekiti alifungua, akasema siku ya kupika imekaribia, sufuria lipo na mwenye sufuria yupo, kwa hiyo halina mjadala. Mama akasema kutoka nyuma, "Sufuria linaumwa. Muulizeni fundi."

Wote wakageuka. Masikio yangu yalipata moto. Mimi niliishia darasa la saba, na hata darasani mwalimu akiuliza swali nilikuwa nikichutama kutafuta kalamu isiyoanguka.

"Limechoka," nikasema.

"Limechoka kama sisi tulivyochoka," akauliza mwenyekiti, "au limechoka moja kwa moja?"

Watu wakacheka. Mama hakuniangalia. Alikuwa anaangalia viganja vyake.

"Limekufa," nikasema.

Muuza nyanya akamshika mama mkono akamwambia, "Pole, mama," kana kwamba kuna msiba. Na yeye akaitikia, "Nishapoa," kwa sauti ya chini, kama mfiwa kweli.

Siku zilizofuata alikuwa mtu mwepesi. Alipita kibandani akaniuliza ni wapi pa kukaa ambapo moshi haufiki. Nikamwonyesha upande wangu, maana upepo wetu hutokea bombani. Nikamwekea benchi hapo, nikalipigilia miguu iliyokuwa inacheza. Akalikalia kulijaribu. Akasema, "Hapa hapa. Niwekeeni sahani kubwa, na boga lisikosekane." Nilimwahidi nitawaambia. Aliniuliza nitawaambiaje na huo mdomo wangu. Nikasema nitaonyesha kwa kidole.

Siku ya kupika mafiga yalikuwa yamepangwa na hakukuwa na kitu juu yake. Nilidhani watarudia sufuria ndogo ndogo. Mama akaja na gauni la maua, akakaa kwenye benchi, akavua na viatu. Mwenyekiti akapanda juu ya kreti. Akasema kuna mtu amewalisha watu wote hawa kwa miaka mingi kwa sufuria lake mwenyewe, na sufuria hilo limefia kazini, na soko haliwezi kunyamaza tu. Akavuta shuka lililokuwa limefunika kitu kando ya kreti.

Lilikuwa jipya, linang'aa, kubwa kuliko la kwanza, na mikono minne.

Walikuwa wamechangishana meza kwa meza. Kwangu hawakupita. Baadaye mwenyekiti aliniambia waliogopa siri itavuja, na wote walicheka kwa wazo hilo, mimi kuvujisha siri.

"Ni lako, dada," akasema. "Si la soko. Ni lako wewe."

Vigelegele, makofi. Mama akainuka, miguu mitupu. Aliliangalia sufuria, akawaangalia watu mmoja mmoja, akatabasamu. Angefanya nini? Kila mtu pale alikuwa ametoa alichokuwa nacho, na mwenyekiti alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. "Asanteni," akasema. "Asanteni sana, wanangu." Muuza nyanya alikuwa ameshafika na mwiko.

"Haya, mama. Lizindue."

Akavaa viatu. Akatafuta gunia, akajifunga kiunoni.

Sijawahi kukasirika vile, na ubaya wake sikuwa na wa kumkasirikia. Ingekuwa ni dharau ningeielewa. Ilikuwa ni upendo. Nilirudi kibandani nikapiga bati ambalo halikuwa la mtu, nikalipiga mpaka likawa halifai kwa chochote.

Chakula kilipoiva na foleni ikajipanga, mimi sikujipanga. Nilipita nyuma ya moto, nikachukua sahani, nikamwambia mama, "Nipe upawa." Kwenye foleni wakaanza: "Fundi leo ana njaa ya mwaka." "Mwacheni, kumbe anasema." Nikajaza sahani. Nikaweka mahindi na maharage, nikatafuta vipande vya boga vilivyo vizima, nikaviweka juu. Moshi ulikuwa unanipanda usoni. Nikasimama mbele yake.

"Hii ni yako," nikasema. "Nenda ukakae pale. Mimi nitapakua."

Sidhani kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu. Mama aliangalia sahani. Akaangalia benchi. Kwa kitambo kidogo niliona kabisa kwamba atakwenda. Mbele ya foleni muuza viazi alikuwa amenyoosha sahani yake tupu, hana habari, anasubiri.

Wiki ile ile miguu yake ilivimba ikakataa viatu. Bintiye akaja na gari la kukodi akamchukua akaishi naye, mbali na hapa. Mimi siku hiyo nilikuwa nimekwenda kununua bati. Niliporudi nilikuta meza tupu na vipande vya kamba za mchicha chini. Sufuria jipya walilifunga juu ya gari, kwa kuwa ni lake. Muuza nyanya aliwahi kuongea na bintiye kwa simu, akaniambia mama hajambo, ana wajukuu wengi, na sufuria linatumika. Niliomba anisalimie. Hajarudi tena, na simu mimi siwezi. Nikiishika sauti inakauka.

Kwa hiyo nimebaki na maneno ya siku ile. Alijifuta mkono kwenye gunia, akagusa ukingo wa sahani kwa kidole kimoja kusikia moto wake. Kisha akauchukua upawa mkononi mwangu, taratibu, wala hakuninyang'anya.

"Iweke hapo kwenye benchi, fundi," akasema, "uifunike isipoe. Nampakulia huyu mmoja tu, nakuja."